Nilimfundisha Kuinamisha Macho

Mama alihamisha jiko kwa sababu ya dada yangu. Katika tembe, nyumba zetu za paa bapa huko Ugogo, mafiga yalikaa karibu na ukuta, mbali na vilindo vya mtama, na jioni watu waliketi popote gizani wakaongea. Mama aliyaleta mafiga katikati ya chumba, akatutaka tukae kuyazunguka, uso kwa uso. Majirani walisema atachoma paa. Dada yangu alikuwa kiziwi, na kwa kiziwi giza likiingia, mazungumzo yamekwisha.

Homa ilimziba masikio kabla hajajua kutembea. Mimi nilizaliwa mvua mbili, yaani miaka miwili, baadaye, kwa hiyo siikumbuki siku niliyojifunza lugha ya mikono, kama wewe usivyoikumbuka siku uliyojifunza kusema "maji." Nitaieleza taratibu, kwa kuwa wengi hudhani ni kuonyesha vitu kwa kidole tu, kama mgeni anayeomba chakula. Sivyo. Wala usiogope kwamba ni ngumu. Mtoto mdogo aliiweza, nawe utaiweza.

Kila mtu nyumbani alikuwa na jina la mikono, na mtoaji wa majina alikuwa dada. Mama alikuwa kuvuta ndewe ya sikio, kwa sababu ndewe zake zilitobolewa zikaning'inia. Baba alikuwa ngumi juu ya goti, kwa kuwa alichechemea. Mimi nilikuwa kidole kwenye meno ya mbele, kwa ajili ya mwanya wangu. Jumbe wetu, mtu aliyeheshimiwa sana, alikuwa kukuna kwapa. Siku moja dada alilitaja jina hilo mbele ya jumbe mwenyewe, akiniuliza mzee huyu amefuata nini.

"Anasemaje huyu?" jumbe akauliza.

"Anakuamkia, baba," mama akajibu, akainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Wadachi, hao Wajerumani, walipoanza kupita kwetu, nao walipata jina: vidole viwili vikisokota sharubu kuelekea juu. Askari wao alikuwa kiganja kikining'inia kisogoni, mfano wa kile kitambaa cha kofia yao. Na walipokuja kujenga reli, wakalipua mwamba kwa baruti upande wa Gulwe, sisi wote tulikimbia. Dada alisimama palepale shambani, kiganja kifuani, akicheka. Akaniuliza kama hicho ndicho tunachokiita sauti. Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nimwambie watakapolipua tena.

Lugha hiyo ina adabu zake, na ni vizuri uzijue. Kiziwi hasemeshwi ukiwa nyuma yake. Njoo mbele, mwanga uwe usoni mwako, usiwe mgongoni. Ukitaka kumwita, mguse bega, au piga mguu chini kidogo. Ardhi itampelekea habari. Uso ni nusu ya maneno: nyusi zikipanda umeuliza, zikikunjana umeuliza kwa nini, midomo ikibanwa umekataa. Anayetazama mikono tu bila uso hupata nusu. Na jambo kubwa kuliko yote, usimshike mikono anapozungumza. Nilifanya hivyo mara moja tulipogombana juu ya kibuyu kilichovunjika. Nilimkamata vifundo vya mikono, nikavikaza. Mama alinichapa kofi ambalo sijalisahau.

"Umemziba mdomo mwenzio!" akasema. "Nikikuziba wewe utapenda?"

Mama hakupata kufundishwa haya na mtu yeyote. Aliyaona tu.

Dada alipokuwa msichana mkubwa, sifa ya jembe lake ilifika mbali. Wachumba walikuja kutoka upande wa Dodoma, mwendo wa siku mbili. Hawakuficha kwamba ukimya wake uliwapendeza. Shangazi wa bwana harusi alikuwa mcheshi, akasema mbele ya wazee wote, "Wenzetu huoza wana wao, wakaletewa mke na kelele zake. Sisi tumepata mke tu! Kelele zibaki kwenu."

Watu walicheka. Baba alicheka pia. Ng'ombe waliahidiwa, siku ikawekwa.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na nitasema bila kujitetea. Kwetu bibi harusi ana miiko mbele ya baba mkwe. Hamtazami usoni. Akikutana naye njiani, huacha njia akageuka pembeni. Mzee akiwa uani, mkwe huinamisha macho na kukaa kimya, akisikiliza anayoambiwa na wanawake wengine. Ni heshima, si chuki, na kila msichana huingia katika ndoa akiijua, kwa kuwa tangu utotoni amesikia shangazi zake wakisimulia. Dada hakuwa amesikia. Mama alinipa mimi kazi ya kumweleza, kwa sababu mikono yangu ilikuwa myepesi kuliko yake.

Nilimfundisha kwa bidii sana. Nilichukua gongo la baba, nikajifanya baba mkwe, nikachechemea na kukohoa uani huku yeye akitwanga, na kila alipoinua macho nilimtingishia kichwa. Siku ya tatu alisimamisha mchi akaniuliza, "Nikitazama chini, nitasikiaje?"

Niliona swali hilo ni la mtu anayetaka kukwepa. Nikamjibu, "Vumilia. Hata mimi nitafanya hivyo nikiolewa."

"Wewe una masikio," akasema.

Nikamwambia ni mpaka atakapozaa. Akishazaa, watamzoea, mambo yatalegea. Tena nikaongeza la kwangu mwenyewe, ambalo hakuna aliyenituma. Nilimwambia huko ugenini aifiche mikono ndani ya nguo, kwa kuwa watu wasiomjua wakiiona inakatakata hewani watasema ni mchawi. Aliitazama mikono yake kitambo. Kisha akaifunika. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Kufikia siku ya kuondoka, hata baba alistaajabu. "Huyu," akasema, "atatupatia jina jema."

Aliondoka. Nyumbani moto uliwaka katikati ya chumba kama kawaida, na mama na mimi tukawa tunazungumza kwa midomo tu. Nilianza kupeleka karanga na maziwa ya mgando kwenye kambi ya wajenzi wa reli, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili, kwa kubishana bei na watu wa kila kabila. Mvua mbili zilipita. Ndipo habari ilipotufikia kwamba dada amejifungua mtoto wa kike. Baada ya mavuno, mtoto akiwa na miezi kama sita, baba na mimi tukafunga safari, na mbuzi mmoja na kibuyu cha samli.

Tulifika mchana. "Mbukwenyi," tukawaamkia, wakaitikia vizuri, wakatuletea maji. Dada alikuwa akisaga mtama mlangoni mwa tembe. Nilienda mbele yake nikachuchumaa. Aliponiona alitazama kwanza kulia, kisha kushoto, kama mtu anayetaka kuiba, ndipo akaitoa mikono.

Mikono ilikuwa mizito. Sijui nieleze vipi. Fikiria mtu unayemjua anasema haraka na kwa utani, umkute anatafuta kila neno. Aliniambia kwamba mume wake alikuwa mwema, alijifunza maneno kama kumi: maji, ng'ombe, njoo, chakula, usiku, mtoto, na mengine machache. Kisha kodi ya Wadachi ikamwita, akaenda kufanya kazi kwenye reli, na maneno kumi yakaenda naye. Wengine walimvuta nguo walipomtaka, wakamwonyesha kitu kwa kidole.

"Mtoto yuko wapi?" nikamwuliza.

Alielekeza kidole kwenye tembe ya mama mkwe. Akaniuliza kwa nini. Aliuliza mara tatu, nyusi zimekunjana: kwa nini, kwa nini, kwa nini. Walikuwa wamemchukua tangu mwezi uliopita, wakawa wanamleta anyonye, kisha wanamwondoa, na hakuna aliyeweza kumwambia sababu. Alidhani amekatazwa mtoto kwa sababu amezaa wa kike.

Sababu niliipata kwa mama mkwe, ambaye hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alinikalisha, akanipa uji, akanisimulia kwa uchungu. "Mtoto alijiviringisha hadi kwenye mafiga, mwanangu, akaungua mguu. Alilia hadi sauti ikamkauka. Mama yake yuko hapo, hatua tano, anasaga! Kampa mgongo. Mimi nilimsikia kutoka kisimani. Je, siku nikienda mbali zaidi?"

Nilirudi kwa dada nikamweleza. Uso wake ulibadilika. Mikono nayo ikaamka, ikawa ile niliyoijua, na akanisimulia yote. Hakupata kumweka mtoto chini hata mara moja. Mchana alimbeba mgongoni, akimsikia kulia kwa mtetemo wa kifua kidogo kwenye uti wa mgongo. Usiku walilala wamefungwa pamoja kwa uzi wa ngozi, kifundo cha mtoto na kifundo chake. Siku ile mama mkwe ndiye aliyemfungua mtoto mgongoni, ili mkwe asage vizuri. Dada aliona anachukuliwa na bibi yake, akatulia, akainama kwenye jiwe lake. Hapo nikakisia lililobaki: kumbe bibi alimlaza kwenye ngozi karibu na jiko, akachukua mtungi, na alipofika mlangoni akapaza sauti: nimemwacha hapo, mtazame. Aliuambia mgongo wa dada.

Nilimwuliza mama mkwe kama ndivyo ilivyokuwa.

"Nilimwambia," akasema. "Tena kwa sauti kubwa."

Basi ukweli ulikuwepo, na ulikuwa mwepesi: dada anajua kulea, ila aambiwe mbele ya uso. Kama angeweza kulisema hilo mbele ya watu, mtoto angerudi mgongoni. Baba mkwe hakutaka kusikia habari hiyo kwangu. Kwake mimi nilikuwa dada anayemtetea dada. Lakini wiki hiyo akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi, alikuwa amefika kijijini hapo kusikiliza mashauri. Nikamsihi baba apeleke shauri.

"Ng'ombe wao wameshazaa zizini mwangu," baba akasema. "Nikaseme nini?"

"Kaseme mjukuu wako ananyonya kama mtoto wa kuazimwa."

Akatafuta gongo lake.

Asubuhi ile nilimwandaa dada. Nilimwambia, leo utaniangalia mimi. Nitakuuliza, utajibu, mimi nitawaambia kwa sauti. Akauliza, "Mbele yake?" akitumia jina alilompa baba mkwe, kidole kikipita juu ya mguu, palipo na kovu la mzee. Nikamwambia mzee atakaa nyuma yake, nitaomba hivyo, asiwe na wasiwasi. Akakubali. Akafanya mazoezi ya kusimulia habari ya jiwe la kusagia na ngozi na mlango, mara mbili, vizuri kabisa. Nilifurahi. Nilidhani tumeshinda.

Akida aliketi kwenye kiti barazani, kanzu yake nyeupe kuliko kitu chochote kijijini. Askari alisimama kando na kiboko kwapani. Niliamkia, "Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Wewe ndiwe mkalimani wa bubu? Haya, simama hapa, kulia kwangu. Usimkaribie. Mimi nimeona mengi. Mkalimani humtia mtu maneno mdomoni."

"Kwa huyu mdomoni hayaingii, bwana," askari akasema. "Labda kiganjani." Watu wakacheka.

Dada alikalishwa chini, hatua kama nane mbele yetu. Kisha akida akamkaribisha baba mkwe, kwa kuwa alikuwa mzee wa heshima, akaletewa kigoda kando ya kiti cha akida upande wa kushoto. Yaani ukiniangalia mimi, unamwangalia yeye.

"Bwana akida," nikasema, "nakuomba mzee akae upande mwingine. Ni mkwewe. Hawezi kuinua macho."

Akida alinigeukia. "Mzee ahamishwe kwa ajili ya bubu? Kwenu ndivyo mnavyofanya?"

Watu hawakucheka safari hii. Nilimwona baba anaangalia vidole vya miguu yake. Na hata mama mkwe, aliyenipa uji kwa wema, alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimetaka jambo chafu.

"Mwulize," akida akasema. "Mtoto aliunguaje?"

Nikauliza kwa mikono. Dada alikuwa ameinama, macho kwenye udongo, mikono ndani ya nguo. Nikauliza tena, nikiitanua mikono. Nilikuwa napiga kelele kwa mikono yangu, na yeye hakuwa na njia ya kujua. Alikaa kwa adabu kamili, shingo imepinda vile nilivyomwonyesha uani kwetu, na nilisikia bibi mmoja nyuma akinong'ona kwamba huyu binti amelelewa vizuri.

Nikapiga mguu chini.

"Ala!" askari akaruka. "Unampigia bwana akida mguu?"

"Namwita tu! Ndivyo anavyoitwa!"

Lakini ardhi ilikuwa imemfikia. Aliinua kichwa. Nilimwona ananitafuta, macho yakanifikia, nikaanza: jiwe, mtoto, mlango... Na papo hapo macho yake yakateleza upande, yakakutana na macho ya baba mkwe, ambaye kwa mvua mbili dada hakuwa amemtazama usoni hata mara moja. Mzee akageuza uso upande, kama mtu aliyeona uchi. Dada akaona alichofanya mzee. Akavuta nguo hadi juu ya kichwa, akajikunja chini ya nguo hiyo, na hapo sikumwona tena mikono wala uso.

Nikasema mwenyewe kwa Kiswahili yote aliyoniambia. Jiwe, ngozi, mtungi, sauti iliyoambiwa mgongo. Nilisema vizuri kuliko nilivyopata kusema siku yoyote kambini.

"Hayo ni maneno yako," akida akasema. Si kwa ukali. "Mimi nilimwuliza yeye, naye hana jibu. Hata akiitwa hujificha. Wewe mwenyewe, ungemwachia mwanao?"

Mtoto akabaki kwa bibi. Akinyonya ataletwa, akiachishwa ziwa basi. Baba alimshukuru akida, nami nikatafsiri shukrani za baba.

Jioni ile, kabla hatujaondoka, dada aliniuliza kama alikosea. Unajua mwalimu hufurahi mwanafunzi anapouliza. Mikono yangu ilikuwa mapajani pangu, imelala kama mikono ya mtu mwingine. Nikamwambia hapana. Akaniuliza, "Kwa hiyo watanipa mtoto?" Hilo nalo likahitaji jibu, na nililitoa lile lile: hapana.

Nilirudi huko mara nyingine, mtoto akiwa na miaka minne. Mama alikuwa amefariki kiangazi kile, na nilikwenda kumpa dada habari. Nilikaa mbele yake, mwanga usoni mwangu, nikavuta ndewe ya sikio langu, kisha nikalaza kiganja chini. Alitazama kwa makini sana. Alitazama kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama Wadachi walipozungumza wao kwa wao. Nilirudia, nikarudia, hadi neno lilipomfikia, na alipolia nilijua limefika, lakini hakuwa na la kuniuliza. Hakuuliza amekufa lini, wala amezikwa wapi. Hayakuwepo tena mikononi. Alinionyesha maji, kwa kuwa nilitoka safari.

Mtu mmoja hawezi kutunza lugha peke yake. Nimelifikiria hili miaka mingi, na kama una kiziwi nyumbani kwako, nakusihi usitosheke na maneno kumi. Wafundishe na watoto wa jirani. Wafundishe na wakwe. Kazi yenyewe ni nyepesi, kaa tu mbele yake na uanze.

Siku hiyo yule mtoto aliingia akikimbia, ana mguu mmoja wenye baka la kuungua, anapendeza. Alinisalimia kwa adabu. Akaona namgusa mama yake bega.

"Huyo hasikii," akaniambia. "Ukitaka kitu mwambie bibi."

Nikamwita karibu. Nikaushika mkono wake mdogo, nikaupeleka hadi kwenye shavu lake, kumwonyesha jina alilopewa na mama yake siku alipozaliwa, kwa sababu ya kishimo kilichoko hapo. Aliniacha nifanye, kwa heshima ya mgeni. Kisha akauchomoa mkono, akaufuta kwenye nguo yake, akarudi uani kwa wenzake.

Dada yangu alikuwa ametuona. Alivuta jiwe la kusagia, akamimina mtama, akaanza kusaga.